Chanuo la Mama: Simulizi ya Harusi Yangu ya Kichina huko Shunde

Swali la kwanza nililoulizwa na familia ya mume wangu baada ya posa kukubaliwa halikuhusu dini yangu, kazi yangu wala umri wangu, bali saa niliyozaliwa. Kwao ni Shunde, wilaya ya mji wa Foshan katika jimbo la Guangdong, kusini mwa China, ambako wazee wengi hawapangi siku ya harusi kwa kuangalia ukumbi upi una nafasi. Mwaka, mwezi, siku na saa za kuzaliwa za bwana na bibi harusi hupelekwa kwa mtaalamu wa kuchagua siku, naye huzilinganisha na kalenda ya kale iitwayo tong shing, kisha hutoa tarehe pamoja na saa ya kila jambo: saa ya kutandika kitanda, saa ya kuchana nywele, saa ya bibi harusi kutoka kwao. Wakati huo tulikuwa tukiishi Guangzhou, nilikokwenda kwa masomo ya uzamili, na Kiswahili cha mchumba wangu kilikuwa kimefika mahali pa kuelewa tarakimu. Nilimpigia mama simu Dar es Salaam, mchumba wangu akiwa pembeni yangu na kalamu mkononi. Mama akasema bila kusita kwamba nilizaliwa saa kumi na moja na nusu. Mwenzangu akaandika 11:30, akawatumia wazazi wake.

Msomaji wa Kiswahili ameshaona kosa lilipo. Mama alihesabu kama tunavyohesabu sote, na alikuwa akisema habari za alfajiri. Kwa hesabu ya kale ya Wachina, siku ina vipindi 12 vya saa mbili mbili, kila kipindi na mnyama wake. Alfajiri yangu huangukia kipindi cha Sungura, ilhali saa tano na nusu asubuhi, ambayo ndiyo 11:30 ya saa za kizungu, huangukia kipindi cha Farasi. Kosa liligundulika wiki mbili baadaye, mama alipokuwa akinisimulia usiku wa kujifungua kwake na kutaja adhana ya alfajiri iliyokuwa ikisikika kutoka msikiti wa jirani. Tarehe ilikuwa imekwisha kutolewa na ukumbi umelipiwa arubuni. Nilitamani kunyamaza, kwa kuwa niliona aibu kuwasumbua wazee kwa jambo ambalo mimi mwenyewe sikuliamini, lakini mchumba wangu alikataa kumficha mama yake. Mama mkwe alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama mama yangu ana uhakika, kisha akasema, "Aliyekuwepo mtoto akizaliwa ni mama yake, si sisi." Kesho yake alirudi kwa yule mtaalamu, na tarehe mpya ikatoka, wiki tatu baada ya ile ya kwanza, katika mwezi wa Novemba mwaka 2019. Kalenda ile siiamini hata leo, naye mama mkwe anajua. Hata hivyo, siku ile nilifahamu kwamba neno la mama yangu lina uzito katika nyumba ile, na wasiwasi mwingi niliokuwa nao ulipungua.

Upande wa sheria ulikuwa mfupi lakini mgumu. Nchini China mwanamume haruhusiwi kuoa kabla ya miaka 22 wala mwanamke kuolewa kabla ya miaka 20, na ndoa inatambuliwa pale inapoandikishwa katika ofisi ya masuala ya kiraia, ambako kila mmoja hupewa kijitabu chake chekundu. Mimi nilitakiwa kuleta uthibitisho rasmi kutoka nyumbani kwamba sijaolewa, uliogongwa mihuri ya pande mbili na kutafsiriwa Kichina, na karatasi hiyo moja ilichukua muda mrefu kuliko maandalizi mengine yote. Dada yeyote anayeelekea njia hii ninamshauri aanze na karatasi hiyo kabla ya kuwaza nguo. Tulipotoka ofisini na vijitabu vyetu, majirani wa Shunde waliendelea kutuuliza tutaoana lini, kwa sababu kwao ndoa bado ilikuwa haijafanyika.

Posa na mahari vilikuwa vimekwisha kufanyika Marangu, kwetu Kilimanjaro, mwaka uliotangulia, mshenga akiwa rafiki yetu, na baba mdogo akipokea kwa niaba ya marehemu baba. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ilinyweka na wazee wakaridhika. Kumbe Wachina nao wana hatua yao ya kupeleka zawadi rasmi kwa upande wa mwanamke, ambayo huko Guangdong huitwa guo da li, na mama mkwe hakutaka tuiruke. Kwa kuwa mama yangu na shangazi walikuwa wamewasili wakiwa ndio ukoo wangu wote ugenini, dada wa mama mkwe alituazima nyumba yake ndogo, akasema kuanzia siku hiyo pale ni kwetu. Zawadi zikaletwa: maboksi ya keki za harusi, pombe, majani ya chai, samaki wakavu, matunda, na nazi mbili zilizobandikwa karatasi nyekundu yenye alama ya furaha maradufu. Mama alizishika zile nazi akatabasamu, akidhani wametuletea kwa sababu wanajua tunatoka pwani. Sababu yao ni nyingine: jina la nazi kwa Kichina hufanana kwa sauti na maneno ya "babu" na "mwana", na kuileta ni kuombea nyumba isikose vizazi. Chai nayo inaletwa kwa sababu zamani iliaminika kwamba mchai ukishapandwa hauhamishiki.

Hapo ndipo tulipokaribia kuumizana. Desturi inataka upande wa mwanamke urudishe takriban nusu ya zawadi, na hakuna aliyekumbuka kumweleza shangazi, ambaye alikuwa ameshapanga vitu vyote kabatini kwa furaha. Mjumbe wa upande wa pili alipobaki ameketi, akisubiri sehemu yake, na mimi nikalazimika kueleza kinachosubiriwa, shangazi alisimama. Kwetu kurudisha mali ni kuvunja ndoa. Hakuna tafsiri nyingine. Nilimwona machoni kwamba anaamini nimekataliwa, tena baada ya safari yote ile. Mume wangu alipiga goti mbele yake na kusema kwa Kiswahili chake cha kukwama kwama kwamba kwao anayechukua vyote anamwacha mwenzake na nyumba tupu, na kwamba kinachorudi ni baraka ikigawanywa. Shangazi alifikiri kwa muda mrefu. Kisha akafungua kabati, akahesabu mwenyewe, akatenga nusu kwa haki kabisa, hadi keki ya mwisho. Nazi moja ilirudi na moja ikabaki.

Kabla ya siku yenyewe kitanda chetu kilitandikwa kwa shuka nyekundu na kunyunyiziwa tende nyekundu za Kichina, karanga, matunda makavu ya longani na mbegu za yungiyungi, ambavyo majina yake yakitamkwa kwa kufuatana huleta maana ya kupata watoto mapema, na mtoto wa binamu akagaragazwa juu yake. Nilikuwa radhi na hayo yote. Usiku wa kuchana nywele ndio uliokuwa ukinitia hofu.

Mkesha wa harusi bibi harusi huoga maji yenye majani ya balungi, huvaa nguo mpya za kulalia na kuketi karibu na dirisha, mbele ya kioo na mishumaa miwili yenye picha za joka na finiksi, ndege wa hadithi. Mwanamke anayeitwa mwenye bahati kamili, yaani ambaye mumewe yu hai na ana watoto na wajukuu, humchana nywele kwa kitana kipya cha mti huku akitamka maneno ya baraka. Chana ya kwanza ifike mwisho. Chana ya pili ni miaka 100 ya mapatano. Chana ya tatu ni watoto na wajukuu waijaze nyumba. Maneno yenyewe ni mazuri, lakini ndani ya sharti la mchanaji kulikuwa na jambo lililoniuma: mama yangu ni mjane. Mama mkwe aliniambia kwa upole, wiki kadhaa nyuma, kwamba mama asingeshika kitana, nami nilikubali. Sikuwa na moyo wa kumweleza mama sababu. Nilimwambia tu kwamba kazi ile ina mtu wake, kama kwetu somo alivyo na kazi yake, naye hakuuliza zaidi. Mama zetu huelewa mengi bila kuuliza.

Saa iliyopangwa ilikuwa saa nne na dakika 40 usiku. Msimamizi alikuwa dai kam jie, mama wa makamo anayelipwa kumwongoza bibi harusi tangu mkesha hadi karamuni, mwenye baraka ya kusema kwa kila kitendo na ambaye, kwa macho yangu, alikuwa somo hasa. Mchanaji alikuwa jirani mwenye miaka 70 na kitu. Nywele zangu nilizifumua siku tatu kabla na kuzifunga kwa uzi ili zinyooke, lakini hewa ya Guangdong ina unyevu, na hadi usiku ule zilikuwa zimejikunja kama zilivyoumbwa. Kitana kiliingia kidogo juu ya paji la uso, kikakwama. Yule mama akakitoa, akajaribu tena kwa nguvu zaidi, na jino moja likakatika. Ilikuwa sauti ndogo sana, na kila mtu aliisikia.

Kitu kuvunjika harusini si jambo jema popote. Dai kam jie alitamka papo hapo maneno ambayo Wachina husema chombo kikivunjika, kwamba vipande vipande ni amani mwaka hata mwaka, kwa sababu sauti za maneno hayo mawili hufanana. Lakini chana ya kwanza ilikuwa bado haijafika mwisho, na bila kufika mwisho haihesabiki. Mchanaji alibaki na kitana mkononi, akinitazama kwa huzuni ya kweli. Mama hakuelewa neno hata moja lililosemwa. Alichoelewa ni nywele. Alifungua mkoba wake, akatoa chanuo la mpingo ambalo ametuchania sisi mabinti zake wote, akatoa na kichupa cha mafuta ya nazi, akaja nyuma yangu. Nilishikilia pumzi. Hakuna aliyemzuia. Alizigawa nywele mafungu manne, akazipaka mafuta, akaanza kuzifungua kuanzia ncha kuelekea shinani, akishika shina kwa mkono wa kushoto ili nisiumie, kama alivyofanya jioni za Jumapili nilipokuwa mtoto. Alipomaliza fungu la mwisho alilifuta chanuo kwa khanga yake na kumkabidhi yule mchanaji kwa mikono miwili, kisha akarudi nyuma hatua mbili na kusimama karibu na shangazi.

Dai kam jie alilichukua chanuo kwanza. Aliligeuza kwenye mwanga wa mishumaa, akayahesabu meno, akakuta ni manane. Nane kwao ni tarakimu ya neema, na akaitangaza kwa sauti ya mtu anayepokea mgeni mlangoni. Alilifunga uzi mwekundu shingoni, na yule mama akanichana mara tatu, polepole, kutoka utosini hadi mwisho, na maneno yote matatu yakasemwa. Nilichomekwa uzi mwekundu na jani la mvinje wa Kichina kichwani, nikalishwa tufe za unga wa mchele wa kunata katika maji ya sukari. Mama alikuwa amesimama pale alipokuwa amesimama. Desturi ilitimizwa bila kupunguzwa neno, na mikono ya mama yangu ilikuwa imepita kichwani mwangu usiku wa mkesha wa harusi yangu. Sijui kama mama mkwe alikwisha kuwaza hilo mapema. Sijamuuliza na sitamuuliza.

Baadaye nilijifunza kwamba Shunde ina historia nyingine ya kitana hicho hicho. Zamani za viwanda vya hariri, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, wanawake wengi wa huko walikuwa na mshahara wao wa kusokota nyuzi, na baadhi yao walijifanyia wenyewe ibada ya kuchana, wakazifunga nywele kama wake za watu na kula kiapo cha kutoolewa kamwe. Waliitwa waliojichana. Hariri ilipoporomoka, wengi walikwenda Singapore na Hong Kong kufanya kazi za ndani na kutunza ndugu zao kwa fedha walizotuma. Katika mji mdogo wa Jun'an ipo nyumba iitwayo Bingyu Tang, iliyojengwa kwa michango yao ili wapate mahali pa kuzeekea pamoja, na leo ni makumbusho. Mama mkwe alinipeleka mwenyewe. Nilizitazama picha za wale wazee waliovaa nguo nyeupe na nyeusi, nikafahamu kwamba kitendo nilichofanyiwa usiku ule kina heshima kubwa kuliko harusi peke yake: ni mwanamke kutangaza mbele ya watu kwamba sasa ni mtu mzima, kwa njia aliyoichagua.

Asubuhi ya harusi sitaieleza sana, kwa kuwa inafanana mno na ya kwetu. Wapambe wangu, mmoja Mkenya na wawili Wachina, waliufunga mlango, wakamfanyia bwana harusi na wenzake kila aina ya mtihani, wakadai bahasha nyekundu yenye yuani 999 ndipo wafungue. Shangazi alisema kwa Kiswahili kwamba hicho ni kifungua mlango, basi, wala hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Nguo nayo inastahili neno. Vazi la jadi la bibi harusi wa Guangdong ni qungua, koti na sketi nyekundu iliyotariziwa majoka na mafiniksi kwa nyuzi za dhahabu na fedha, na daraja lake hupimwa kwa wingi wa tarizi. La juu kabisa huitwa mfalme wa gua, ambalo wekundu wa kitambaa karibu hauonekani. Letu lilikuwa la daraja la kati, la kukodi, na kwa kuwa hukatwa nyoofu, fundi alilazimika kulifungua ubavuni ili linitoshe nyongani. Lilikuwa zito kama koti la mvua lililolowa. Shida kubwa ilikuwa picha. Wachina hupiga picha za harusi miezi kabla ya siku yenyewe, na studio tuliyoitumia ilitukabidhi albamu ambamo ngozi yangu ilikuwa imepaushwa hadi nikafanana na mtu nisiyemjua. Hawakukusudia ubaya, ndivyo wanavyofanya kwa kila bibi harusi, wakiamini wanampendezesha. Mimi niliumia sana, kwa sababu nilijua picha hizo zingetumwa Marangu na bibi yangu angezitazama akinitafuta. Niliogopa kuonekana mchaguzi. Mama mkwe aliiona albamu, akaiweka kando ya uso wangu, akarudi studio na kuketi hapo hadi jioni, mpaka picha zote zikarudishwa rangi yangu. Kwa wenzangu mtakaofuata, semeni mapema, kabla ya kupigwa picha, kwamba uso wenu usiguswe.

Niliulizwa pia, na mzee mmoja wa ukoo, kama weusi wangu ungepungua nikikaa sana China. Mume wangu alimjibu kwa adabu kwamba hapana, na kwamba hakuna anayetaka upungue. Wageni wawili watatu walinishika nywele bila kuuliza. Ninayataja haya kwa sababu yalikuwepo. Hayakuwa harusi yote, lakini anayeambiwa kwamba hayapo anadanganywa.

Nilitolewa nje chini ya mwavuli mwekundu, mchele ukirushwa juu yake, tukaenda kwanza kwenye jumba la mababu. Watu wa eneo lile wana msemo usemao Shunde ni majumba ya mababu na Nanhai ni mahekalu, na kweli kila kijiji kina jumba lake, lenye vibao vya majina ya waliotangulia. Mimi ni Mlutheri, na jambo hili lilikuwa limenikosesha usingizi. Tulilizungumza mapema na wakwe, tukakubaliana kwamba nitainama mara tatu kwa heshima lakini sitashika ubani. Aliyenituliza kabisa ni mama, aliyesema, "Babu zako wamezikwa kihambani, na kila tukifika tunapita makaburini kwanza kabla ya kuingia ndani. Tunawaamkia, hatuwaabudu." Niliinama nikiwa na hayo moyoni.

Kisha ikaja chai, na hapa ndipo mgeni hupimwa. Bwana na bibi harusi hupiga magoti mbele ya wazee walioketi, kwa kufuata ngazi ya ukoo, humpa kila mmoja kikombe cha chai kwa mikono miwili na kumwita kwa jina la udugu wake. Mzee akishaitwa hunywa, hubariki, hutoa bahasha nyekundu au dhahabu. Kumwita ndilo jambo lenyewe. Kabla ya hapo nilimwita mama mkwe kama ninavyomwita mama yeyote wa rika lake. Baada ya chai ningemwita Ma. Wachina wana neno la hatua hiyo, linalomaanisha kubadili kinywa, na hutoa bahasha maalumu kwa ajili yake.

Wazee walikuwa 18. Mume wangu alijaribu kunifundisha majina kwa Kiingereza, lugha tuliyokuwa tukiitumia mwanzoni, na tulishindwa wiki nzima, kwa sababu katika Kiingereza wote hao ni anko na anti. Usiku mmoja nilichukua daftari nikayaandika kwa Kiswahili, na mlango ukafunguka. Baak ni baba mkubwa. Suk ni baba mdogo. Kau fu ni mjomba. Yi ma ni mama mkubwa na a yi ni mama mdogo. Gu ma na gu je wote ni shangazi, isipokuwa wa kwanza ni mkubwa kwa baba na wa pili ni mdogo. Mahali walipotuzidi ni kwa bibi: mama mzaa baba ana jina lake, na mama mzaa mama ana lake. Nilicheka peke yangu kwa furaha. Nilikuwa nimeogopa ukoo wa watu wageni, kumbe nafasi zao zote zilikuwa zimekwisha kuandaliwa ndani ya lugha yangu tangu nilipojifunza kusema.

Bibi wa mume wangu, mwenye miaka 91, alikuwa wa kwanza. Nilipiga magoti juu ya mto mwekundu na kumwita. Kwa desturi mzee hunywa funda moja tu, kwa kuwa foleni ni ndefu na saa njema zinapita. Bibi alishika kikombe na kunywa polepole, funda baada ya funda, hadi akala na tende iliyokuwa chini yake. Watu wote walisubiri kimya. Alipomaliza alinivisha bangili ya dhahabu, kisha akautengeneza uzi mwekundu uliokuwa umelegea kichwani mwangu.

Nilikosea mara moja. Baba mdogo wa mume wangu ana mvi nyingi kuliko kaka yake, nami nikamwita baak. Hakunikemea, lakini mikono yake ilibaki magotini na kikombe kikabaki hewani. Moyo ulinipiga. Nikakumbuka daftari, nikasema, "A suk, karibu chai," na mikono ile ikanyanyuka mara moja kupokea.

Karamu ilikuwa ya meza za watu kumi kumi. Vyakula vilifuatana kuanzia mtoto wa nguruwe wa kuchoma hadi samaki mzima wa mvuke na tambi za mwisho, na wageni walipiga kelele ndefu ya "yam sing" kila bilauri zilipoinuliwa. Kilichomshangaza mama ni bahasha za wageni. Sehemu ile ya Guangdong mwenye harusi huipokea bahasha, huikunja pembe moja, na kumrudishia mgeni. Mama, ambaye amekaa katika kamati za harusi Dar es Salaam na kufuata michango nyumba kwa nyumba, aliniuliza mara mbili kama ameona sawasawa.

Siku ya tatu bibi harusi hurudi kwao pamoja na mumewe, akiwa amebeba nguruwe mzima wa kuchoma. Zamani nguruwe huyo alikuwa ushahidi wa ubikira, na nyumba ambayo hakufika ilibaki na fedheha, kama ilivyokuwa kwa shuka za kisarawanda katika pwani yetu. Ninashukuru kwamba siku hizi ni zawadi tu, na mama mkwe alinihakikishia hivyo kabla sijauliza. Kwetu kulikuwa ile nyumba ndogo ya kuazima. Shangazi alipoona mnyama mzima juu ya sinia, ngozi ikimeta, alisema, "Ndafu!", yaani mbuzi mzima wa kuchoma wa harusi zetu, na hakutaka kuambiwa vinginevyo. Alimkabidhi mama kisu. Mama alikata kipande cha kwanza, akamlisha mama mkwe kwa mkono wake, kama tunavyolishana kwetu, na mama mkwe, ambaye nadhani hakuwahi kulishwa na mtu tangu utotoni, alifungua kinywa akala. Mama alimwita mkwe. Yeye alimwita chan ga, neno ambalo wazazi wa mke na wa mume huitana wao kwa wao. Kichwa na mkia vilitengwa virudi kwa upande wa mume, ili jambo liwe na mwanzo na mwisho, na safari hii shangazi ndiye aliyevifunga bila kuambiwa.

Mama na shangazi walipokuwa wakiondoka, mama mkwe alileta chanuo, limeoshwa, uzi mwekundu ungali shingoni mwake. Mama alilitazama, akamfunga mama mkwe vidole juu yake, na kuomba kwa ishara apewe kile kitana cha mti. Mama mkwe alisita, kwa kuwa kilikuwa kimekatika jino. Mama aliendelea kunyoosha mkono. Chanuo liko Shunde, katika droo ya meza iliyo karibu na kitanda changu. Kitana kiko Dar es Salaam, ndani ya mkoba wa mama.